Chakula cha Utando

Asubuhi ile, kama asubuhi zote za msimu ule, Povu alianza kazi kwa kulisukuma ziwa. Aliingia majini mpaka magotini, akiwa ameshika kipande cha ubao uliowahi kuwa mlango, akausukuma utando wa kijani upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka akapata kidirisha cha maji yanayofanana na maji. Utando ulikuwa mzito kama rangi ya mafuta iliyosahauliwa kwenye kopo. Uliacha mistari kwenye miguu yake, na mistari ikawasha. Alichovya shuka, akasuuza, akalivuta kabla kidirisha hakijajifunga. Kisha akasukuma tena. Alikuwa amejifunza kufua kwa haraka na kwa hasira, na kwa kweli hasira ilisaidia.

Pembeni yake samaki wadogo walilala ubavu, midomo wazi. Hakuna aliyewaokota tena. Hata paka walinusa na kuondoka.

Jina la Povu alipewa na mama mkwe wake, nusu kwa sababu ya sabuni na nusu kwa sababu ya mdomo. "Huyu mkwe wangu," bibi huyo alikuwa akiwaambia majirani, "mkimgusa kidogo tu anatoka povu." Mume alikufa zamani, wanawake hao wawili wakabaki chini ya paa moja kama abiria walioshushwa kituo kimoja, wakigombana kuhusu chumvi, kuhusu mlango, kuhusu nani alimpenda marehemu zaidi. Hakuna aliyefikiria kuondoka.

Mashuka yalikuwa ya hoteli, ile iliyosimama pale mto unapoingia ziwani. Kabla ya hoteli mahali pale palikuwa na matete, ukuta mzima wa matete. Mto uliingia humo ukiwa na rangi ya udongo, ukazungukazunguka, ukatokea upande wa pili umetulia. Lakini hakuna mgeni anayesafiri kutoka mbali ili akatazame matete. Yalifyekwa, mizizi ikang'olewa kwa mashine, ukamwagwa mchanga mweupe ulioletwa kwa malori. Povu alifurahi kama wenzake. Hoteli ina vitanda vingi, na kila kitanda kina mashuka.

Gari la matangazo lilifika jua likiwa bado changa. Spika ilikohoa, kisha sauti ikasema: "Wananchi wapendwa, tulilinde ziwa letu! Kuanzia leo ni marufuku kufua, kuoga kwa sabuni, au kumwaga maji ya sabuni mahali popote yanapoweza kutiririkia ziwani!" Wanawake wengine walijitwika mabeseni juu ya vichwa, wakatimua mbio, maji yakiwamwagikia migongoni. Povu hakukimbia. Mashuka yalikuwa majini, na shuka la hoteli likipotea ni bora upotee wewe.

Kutoka kwenye gari akashuka afisa wa mazingira, bwana wa makamo, miwani imekaa sawasawa, mabuti ya mpira mapya yasiyojua tope. Mtaani walimwita Profesa. Yeye alidhani ni heshima. Nyuma yake alikuja askari mrefu mwenye koti kubwa, na binti mmoja mwenye kamera.

"Dada, toka majini," alisema Profesa.

"Nimalizie hili shuka."

"Hilo shuka sasa ni kielelezo."

"Ni la hoteli."

Profesa alisita. Alilitazama shuka kwa jicho jingine kabisa, kama mtu aliyegundua kuwa aliyemsukuma kwenye foleni ni mkubwa wake.

"Basi likunje vizuri," alimwambia askari. "Usilikanyage."

Kamera ikawashwa. Profesa alimsogeza Povu kwa ncha ya kalamu, bila kumgusa kwa mkono, mpaka akasimama mahali ambapo beseni, povu na utando vilionekana pamoja. Kisha akaanza kueleza, na lazima isemwe kwamba alieleza vizuri. Alisema ziwa ni kama tumbo, likishiba kupita kiasi linaugua. Alisema mwani huu wa kijani unakula fosfati na naitrojeni, vitu vilevile vinavyokuza mahindi shambani. Vikizidi majini, mwani unanenepa, unafunika uso wa ziwa, unazuia jua lisiifikie mimea iliyoota chini. Kisha wenyewe unakufa, unazama, unaoza, na kuoza kunakula hewa yote iliyomo majini. Samaki wanakosa pumzi. Na chakula kile hakiendi popote, kinakaa topeni, kinasubiri, kisha kinapanda tena juu kulisha utando mpya.

"Hakuna kinachopotea," alisema Profesa, akitabasamu kwa kamera. "Na chakula hicho kinatoka wapi? Kinatoka humu." Akanyoosha kidole kwenye mche wa sabuni wa Povu, uliobaki kama kisigino.

Povu alikuwa amesikiliza kwa makini. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumweleza jambo kwa urefu namna hiyo.

"Kumbe," alisema. "Kwa hiyo kisabuni hiki kimelijaza ziwa zima?"

"Zima kamera," Profesa alimwambia binti. Kisha akageuka, wala hakuwa na hasira. "Si hiki peke yake. Kuna shamba la maua kule juu mtoni, mbolea yao yote inayobaki inateremka huku. Kuna mabwawa ya maji taka ya mji, yanafurika kila mvua ikinyesha. Hivyo viwili ndivyo vinavyoleta karibu chakula chote. Nimepima mwenyewe. Sabuni yenu ni kama kijiko."

"Sasa mbona hukwenda kwenye shamba?"

"Nilikwenda. Kule kuna geti, dada." Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Huku hakuna geti."

Alisema hivyo kama anavyosema mtu kwamba kesho kutakuwa na mawingu. Povu alimtazama usoni akitafuta aibu, hata kidogo, hata ya kujifanya. Hakuiona.

"Basi una elimu kubwa," alisema Povu, "na miguu mifupi."

Askari alicheka, akajikohoza upesi. Kamera haikuwa imezimwa. Ni kwa neno hilo, wala si kwa sabuni, kwamba Povu alipakiwa garini pamoja na mabeseni yake, huku wenzake waliokamatwa njiani wakiachiwa kwa onyo.

Katika ofisi ya serikali walimkalisha kwenye benchi, mashuka mabichi yakiwa juu ya kiti chenye mto. Meneja wa hoteli alifika kabla ya chai. Alipewa mkono, akapewa pole.

"Huyu mama unamfahamu?" Profesa aliuliza.

"Simjui. Sisi tuna mkandarasi. Mkandarasi anampa nani kazi, hayo si yetu." Meneja alikuwa akiyakagua mashuka, anayanyanyua kwenye mwanga moja baada ya jingine. Akageuka kwa Povu. "Na foronya ziko wapi?"

"Kumbe unanijua," alisema Povu.

Foronya zilipatikana chini ya mashuka. Meneja akaondoka nazo, dereva akamfungulia mlango. Povu alisomewa kifungu ambacho hakukielewa, akaambiwa achague mahabusu au kazi ya jamii. Alimkumbuka bibi peke yake nyumbani, akachagua kazi. Walimpa reki na kizibao cha kung'aa kilichoandikwa mgongoni kwa herufi kubwa: RAFIKI WA ZIWA. Mabeseni hayakurudi. Baadaye aliyaona mawili ofisini, moja limepandwa ua, jingine limewekwa chini ya paa linalovuja.

Nyumbani mama mkwe alikizunguka kizibao kile kama mtu anayenunua mbuzi.

"Umepata cheo," alisema. "Umeanza lini urafiki na ziwa?"

"Leo, mama."

"Na mwenzio anajua?"

Walicheka, na katikati ya kicheko bibi akashika tumbo, akainama, akatoka nje kwa kushikilia ukuta. Lilikuwa tumbo la tangu utando ulipokuja. Bomba la mtaa lilikuwa kavu, maji yake yalikatwa njiani yakapelekwa hotelini, na maji ya kunywa walichota ziwani kama kila mtu. Muuguzi wa zahanati aliwaambia wachemshe. Walichemsha. Walichemsha mpaka kuni zikawa ghali kuliko chakula, na bibi alizidi kuwa wa njano machoni.

Kazi ya jamii ilikuwa kuondoa utando mbele ya hoteli. Povu na watu wengine waliokutwa na makosa yanayofanana waliusomba kwa reki pamoja na magugu maji, wakaurundika mchangani. Wageni walikaa chini ya miamvuli. Mzee mmoja wa kigeni aliwapungia mkono, kisha akawapiga picha, kisha akaomba wasogee kidogo kwa sababu ya harufu.

Chini ya ukuta wa hoteli palikuwa na mdomo wa bomba. Kila siku, vyumba vikishafanyiwa usafi, bomba lile lilikohoa na kutapika maji ya uvuguvugu yenye povu jingi, jeupe, lenye harufu ya maua. Hoteli ilikuwa imenunua mashine za kufulia. Povu lilimzunguka Povu miguuni, likapanda mpaka kwenye vigimbi.

"Mkuu," alimwita Profesa, aliyekuja kukagua. "Njoo uone sabuni."

"Hao wana kibali."

"Kibali cha kuchafua?"

"Cha kutiririsha," alisema Profesa. "Ni maneno tofauti."

Lakini siku hiyo Povu hakutaka ugomvi. Alitaka kuuliza kitu, akakiuliza kwa upole. Alimweleza habari za mama mkwe, tumbo, macho ya njano, kuchemsha kusikosaidia. Profesa alisikiliza. Alipenda kuulizwa.

"Kuchemsha hakutasaidia," alisema. "Kunaua vijidudu, sawa. Lakini mwani wa aina hii una sumu, nayo sumu haiogopi moto. Ukichemsha unaipasua chembe ya mwani, ndipo inaimwaga sumu yote majini. Kwa hakika ni afadhali hata msingechemsha. Inashambulia ini. Kwa wazee na watoto ni mbaya sana."

"Unajua hayo tangu lini?"

"Tangu utando ulipoanza. Nilipeleka sampuli."

"Na zahanati wanajua?"

"Hawajaelekezwa."

"Kwa nini msitangaze? Si mna spika? Si mlikuja na spika kwa ajili ya sabuni yangu?"

Profesa alitazama miamvuli. "Taharuki," alisema. "Msimu huu wageni ni wengi. Tutatangaza utaratibu ukikamilika." Akaonekana kama aliyeguswa na jambo, akafungua mkoba, akatoa chupa ya maji aliyokuwa amekwisha kuinywa nusu. "Mpelekee mama."

Povu aliitazama chupa ile. Alijua kabisa anachotaka kukifanya nayo, na alijua itaangukia wapi kwenye ile miwani. Halafu akaipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, na akajidharau siku nzima, kwa nguvu kuliko alivyomdharau Profesa.

Bibi aliyanywa maji yale kidogo kidogo, kwa kifuniko. "Hayana ladha," alisema. "Kama hotuba."

"Kunywa, mama."

"Nakunywa. Wewe umekunywa?"

"Nimekunywa," alidanganya Povu.

"Muongo tangu siku ya posa," alisema bibi, akafumba macho.

Rundo la utando lilipokauka, lori lilikuja kulichukua. Povu alidhani wanakwenda kulizika mahali. Dereva, mtu mwenye kucheka ovyo, alimwambia linakwenda shamba la maua.

"Kufanya nini?"

"Mbolea, dada. Wanachanganya na samadi, wanapata mboji safi. Maua yanakubali hayo! Utaona shina kama mkono wangu."

"Wanalinunua?"

"Wanunue kwa nini? Wanasaidia mazingira. Wamepewa cheti."

Povu aliiegemea reki. Alitazama mto ulioteremka kutoka mlimani, kahawia, mnene, ukiingia ziwani pale palipokuwa na matete, bila kuzungukazunguka, bila kusimama. Akatazama lori lililokuwa likipanda njia iliyofuata mto huo, likidondosha vipande vya kijani. Profesa alikuwa amesimama hapo karibu na mwandishi wa habari, akieleza kwa furaha ya kweli.

"Huu ndio mzunguko wa virutubisho," alikuwa akisema. "Vinatoka shambani, vinaingia ziwani, mimea inavinasa, jamii inavuna, vinarudi shambani. Hakuna kinachopotea."

"Na hawa wanajamii wanafaidikaje?" aliuliza mwandishi.

Profesa aliwageukia watu wa reki, akaitafuta faida nyusoni mwao. "Wanapata elimu," alisema.

Mtu mmoja wa reki akapiga makofi, kwa mazoea tu. Wengine wakafuata.

Mama mkwe alikufa mchana, Povu akiwa ziwani. Jirani alikuja kumwita akiwa amevaa kandambili zisizofanana. Askari mwenye koti, ambaye ndiye aliyekuwa akiwalinda, alimwambia Povu aende, kisha akasema pole, kisha akamkumbusha avue kizibao kwa kuwa ni mali ya serikali.

Wifi yake alifika kutoka kwa mumewe, akalia mlangoni, akaingia, akakunja mikono ya gauni. Kwenye zahanati walikuwa wameandika kwamba ni uzee. Wanawake walitundika kanga dirishani, wakamlaza bibi juu ya mkeka, wakaanza kutafuta maji. Bomba la mtaa lilikuwa kavu. Waliuliza nyumba kwa nyumba, wakapata yale yale ya ndoo. Walisubiri yatulie, wakayachuja kwa kitambaa cha kichwa, mara nyingi, na bado yalikuwa na rangi.

"Tutamwosha na haya?" wifi aliuliza.

"Kuna mengine?" alisema Povu.

Jirani mmoja alichungulia nje, akafunga mlango, akatoa kwenye kifua chake kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye nailoni. Alikitoa kama mtu anayetoa dawa iliyopigwa marufuku. Povu alikipokea. Alikuwa hajashika sabuni tangu siku ya gari la matangazo, na mikono yake ikaanza kazi yenyewe, kwa mzunguko ule ule wa zamani, polepole safari hii. Aliosha shingo, aliosha nyuma ya masikio. Bibi alikuwa mwepesi kama nguo iliyokaukia kambani. Kila walipommwagia maji, mstari mwembamba wa kijani ulibaki kwenye mikunjo ya ngozi, na Povu alirudi kuufuta, na maji ya kuufutia yakaacha mwingine.

"Inatosha, wifi," alisema mwenzake.

"Haijatosha."

Beseni la kuazima lilipojaa, alilinyanyua kwenda kumwaga. Alipofungua mlango wa nyuma alimkuta askari, kofia mkononi.

"Poleni na msiba, mama," alisema. "Poleni sana. Mimi nimetumwa tu."

"Umetumwa nini?"

"Kuna mtu amesema humu kuna sabuni." Aliangalia ndani ya beseni, akaangalia pembeni haraka. "Sikamati mtu. Mimi mwenyewe nina mama. Ila hayo maji ni marufuku kuyamwaga yakaelekea ziwani."

"Niyamwage wapi?"

Askari akatazama kushoto, kulikuwa na mtaro. Akatazama kulia, njia iliteremka. Nyuma ya nyumba ardhi ilikuwa imeshiba maji, inang'aa. Mtaa wote ulikuwa umelalia ziwa. Alijikuna shavu, akatoa simu.

"Mkuu, samahani kwa usumbufu. Ndiyo, niko hapa kwenye msiba... Maji, mkuu. Ya maiti... Hapana, si mengi, ni beseni... Ndiyo, mkuu, yana povu." Akasikiliza, akiitikia kwa kichwa kana kwamba anaonekana. Akafunika simu kwa kiganja. "Anasema usimwage kwanza. Yuko kwenye semina. Anauliza wenzake."

Povu akasimama kizingitini, beseni limeegemea nyonga, maji ya kijani yakipanda ukingoni na kushuka. Ndani, wifi yake aliita alete beseni upesi, kwa sababu walikuwa wamekwisha kumgeuza marehemu na ule upande wa pili bado.